Kiswahili cha Saa Kumi na Moja

Binti mmoja aliniletea kazi zake nizitazame. Alikuwa amemaliza chuo mwaka huo, anatafuta pa kuanzia katika uandishi wa matangazo, na mtu fulani alimwelekeza kwangu kwa kuwa nimekula chumvi nyingi katika kazi hii. "Shikamoo, mama," akasema, akafungua kompyuta na kunionyesha matangazo 12 aliyoyatunga mwenyewe kwa bidhaa alizozichagua mwenyewe. Yalikuwa safi. Picha zimepangika, rangi zinaelewana, na yote 12 yalikuwa ya Kiingereza.

La saba lilikuwa la unga wa dona. Maneno yake makubwa yaliahidi kurutubisha ndoto za kesho. Nikamuuliza nyumbani kwao nani hununua unga. "Mama." Na mama akiupata ule anaoupenda, husemaje? Akacheka kidogo, kama mtu anayeona haya kwa niaba ya mzazi wake. "Husema huu unakaa tumboni."

Unakaa tumboni. Maneno mawili, na ndani yake mna njaa ya saa nne asubuhi, mtoto aliyekwenda shule akiwa ameshiba, na shilingi ambayo haikupotea bure. Tangazo lilikuwa jikoni kwao tangu hajazaliwa, naye alilipita akaenda kutafuta jingine mbali. Sikumlaumu. Ndivyo alivyoshauriwa chuoni, ndivyo alivyosikia kwenye makongamano, na ndivyo vijana wanavyoambiana: ukitaka kuingia kwenye matangazo, noa Kiingereza chako kwanza, Kiswahili utakitafsiri mwishoni.

Nasema ushauri huo ni mbovu. Na sitaupinga kwa uzalendo, maana uzalendo katika jambo hili umekuwa maneno ya sherehe. Kila Julai 7, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, makampuni hutupongeza kwa mabango ambayo ukiyasoma mara moja tu unaona yametafsiriwa. Nitaupinga kwa ufundi na kwa mauzo, vitu viwili ambavyo kazi yetu inavilipia.

Kwa asiyeijua kazi hiyo, tangazo huzaliwa hivi. Kampuni yenye bidhaa huleta brifu, karatasi inayoeleza inauza nini, kwa nani, na inataka watu wafanye nini. Brifu ni ya Kiingereza. Mwandishi na mchoraji huumiza vichwa juu yake kwa Kiingereza. Wazo hupelekwa kwa meneja wa masoko, likakatwa, likaongezwa, likapitishwa, yote kwa Kiingereza. Hiyo ni wiki tatu, pengine miezi mitatu. Kisha saa kumi na moja jioni, siku ya kuingia studio, mtu hukumbuka kwamba redio itakayorusha tangazo hilo inasikilizwa Morogoro na Shinyanga. Hapo huitwa kijana wa pembeni: "Hebu tuwekee Kiswahili hapa."

Katika ofisi ya kwanza kuniajiri, kijana wa pembeni nilikuwa mimi. Kazi yangu niliipa jina: Kiswahili cha saa kumi na moja. Nakumbuka skripti moja ya sabuni, sekunde 30 kamili. Niliitafsiri kwa uaminifu wote, ikatoka sekunde 44. Msomaji akaambiwa aongeze mwendo. Alisoma kama mtu aliyefukuzwa na mbwa, na tangazo likaenda hewani hivyo hivyo. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba tatizo ni lugha yenyewe: Kiswahili ni kirefu.

Huo ndio msingi wa kwanza wa ushauri ninaoupinga, kwa hiyo tuupime. Chukua ahadi ya nunua moja upate moja bure. Kiingereza huitamka kwa silabi 5. Tafsiri yetu niliyoiandika hapo ni silabi 12, zaidi ya mara mbili. Je, kesi imekwisha? Nenda sokoni kwanza. Anayeuza nyanya hajawahi kumwambia mteja anunue moja apate moja bure. Anajua kwamba mteja akishalipa atasema "niongeze," naye humwita kabla hajafika: "Nyongeza ipo!" Hesabu silabi. Ni 5. Na nyongeza ina kitu ambacho ile nyingine haina, maana inabeba mazoea ya watu wawili wanaofahamiana, mkono wa muuzaji unaorudi kwenye fungu kwa hiari. Kinachorefuka ni tafsiri. Lugha yenyewe, ukiianzia mwanzo, ni fupi kama kisu.

Na ufupi huo una mitambo yake, ambayo anayeanza kazi hii angepaswa kuijua kama fundi seremala anavyoijua randa yake. Kitenzi chetu kinaweza kuwa bango zima. "Mnunulie." Hapo mna wewe unayenunua, yule unayemnunulia, na wema unaopita kati yenu, na bado sijataja bidhaa. "Umekula?" ni swali. "Umeshakula?" ni swali lenye mama ndani yake. Safaricom ilipochukua neno "Twaweza" kuwa kaulimbiu mwaka 2017, ingeweza kuandika "Tunaweza" kama tusemavyo kila siku. Lakini "tunaweza" ni habari ya leo, na ile "-a-" ya "twaweza" haina saa. Ndiyo "-a-" ya methali na ya mashairi, wakati usiokwisha. Irabu moja ikafanya kazi ya aya nzima. Kijana aliyekalia kunoa Kiingereza tu ataionaje irabu hiyo?

Msingi wa pili husemwa kwa sauti ya chini, mara nyingi kwenye mazungumzo ya mshahara: Kiswahili kila mtu anakijua, basi si ujuzi. Pilau nayo hupikwa kila nyumba, lakini ikikaribia harusi watu huulizana nani atashika sufuria. Kuijua lugha kwa kuongea ni jambo moja. Kuijua kiasi cha kumsimamisha mtu aliyebeba mzigo na kukimbilia daladala ni jambo jingine kabisa.

Kwanza lazima ujue ni Kiswahili cha nani. Elfu moja Kariakoo ni buku, na kipaza sauti cha machinga huimba buku hiyo kutwa nzima bila kuchoka. Nairobi elfu hiyo hiyo ni thao. Mkahawani Dar es Salaam mtu huomba chai, ilhali Nairobi atasema "nipe chai" na hakuna anayehisi kavunjiwa heshima. Tangazo linaloamuru "nunua sasa" likatua kwenye masikio hayo mawili ni matangazo mawili tofauti, moja la kawaida na jingine lenye ukali. Mombasa wana mizani yao, na Lubumbashi wana Kiswahili chao ambacho mtu wa Tanga atakisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Anayesema kila mtu anakijua Kiswahili anakiri, bila kujua, kwamba hajawahi kukisikiliza.

Wapo wanaokuja na hoja iliyovaa suti: matangazo ni fani ya kigeni, hivyo hujifunzwa kwa lugha iliyoileta. Hawa ningewapeleka Biashara Street, Mombasa. Biashara ya Kaderdina Hajee Essak ilianza mjini humo mwaka 1887, na kanga zake zenye chapa "Mali ya Abdulla" zinatambulika mpaka leo. Wauza kanga waligundua mapema jambo ambalo kampuni nyingi bado halijaziingia: kitambaa kina maua na kina jina, na mnunuzi husoma jina. Kwa jina hilo mke humjibu wifi, jirani humjibu jirani, na mwenye mali hana haja ya kufungua mdomo. Nafasi ya maneno ni mstari mmoja upande wa chini wa mji, ile sehemu ya kati ya kanga. Msomaji ni mwanamke anayepita, kitambaa kimekunjwa, muuza duka anasubiri. Nionyesheni shule ya uandishi wa matangazo yenye mtihani mgumu kuliko huo. Waliofaulu mtihani huo hatuna majina yao, na hakuna aliyewauliza cheti cha Kiingereza.

Kama kanga ni ya zamani mno, twende kwenye redio. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya afya kwa vikundi vya kusikiliza redio, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Walikaa chini ya miembe na kwenye vyumba vya madarasa, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Jina la kampeni lilikuwa "Mtu ni Afya." Ijaribu kwa Kiingereza uone inavyobaki kavu, kama sentensi ya mgonjwa wa homa. Kwa Kiswahili ilisimama kwa sababu kiatu chake kilikuwa tayari mguuni mwa watu. Mtu ni watu. Akili ni mali. Msikilizaji alipewa umbo alilokuwa nalo tangu kwa bibi yake, akabadilishiwa neno moja tu. Mwaka mmoja kabla, siasa ilikuwa imetangazwa kuwa ni kilimo, na miaka miwili baadaye kampeni nyingine ikatangaza kwamba chakula ni uhai. Ni kalibu ile ile, na hakuna kati ya hizo iliyotokana na tafsiri ya saa kumi na moja.

Sasa nijibu pigo zuri kuliko yote wanayonipiga. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwaka 2007, ilitangazwa kwa kaulimbiu ya Kiingereza, maneno matatu yaliyowaambia watu watume fedha nyumbani. Ilifanikiwa kuliko ndoto za waliotunga. Je, si ushahidi kwamba Kiingereza kinatosha?

Itazame vizuri. Nyumbani kunakozungumzwa pale ni wapi? Kwa Mwingereza, nyumbani ni pale anapolala usiku. Kwa mtu aliyepanga chumba Kawangware, Nairobi, anapolala ni "kwangu" au "kwa nyumba", na nyumbani ni kwa wazazi, ng'ambo ya milima, anakokwenda Desemba na atakakozikwa. Huwezi kutuma fedha nyumbani ukiwa tayari upo nyumbani. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, lakini wazo lilishazaliwa kwa namna yetu ya kuishi, na ndiyo maana Mkenya hakuhitaji kufafanuliwa. Kisha angalia watu walivyolitumia. Hawakuibeba ile kaulimbiu midomoni. Walibeba jina, ambalo nusu yake ni pesa, na kitenzi chao wenyewe: "nitumie." Huku kwetu tukasema "nirushie." Kampuni ilitumia maneno matatu, watu wakamaliza kwa moja, na katika hilo moja mtumaji, mpokeaji na ombi vyote vimo.

Washauri hawa hupenda pia kuwatajia vijana magwiji wa New York. Vizuri, tuwataje. David Ogilvy alifungua wakala wake huko mwaka 1948. Lakini kabla ya hapo alipika kwenye jiko la hoteli moja huko Paris, kisha akauza majiko ya Aga nyumba kwa nyumba huko Scotland, akibisha hodi na kufungiwa milango, na mwaka 1935 akaandika mwongozo wa kuwafundisha wauzaji wenzake kazi hiyo. Lugha yake ya matangazo aliiokota mlangoni kwa wapishi na akina mama wa Scotland. Na ile kaulimbiu ya L'Oréal inayomfanya mwanamke aseme anastahili, mwandishi wake, Ilon Specht, alikuwa na umri wa miaka 23 na amechoshwa na wanaume chumbani waliotaka kumwandika mwanamke kama pambo. Aliiandika kwa hasira yake, kwa lugha ya hasira yenyewe. Hawa wote walifanya lile ninaloliomba: walianzia pale waliposimama. Anayeiga Kiingereza chao ameiga nguo, akaacha mwili.

Inabaki hoja ya fedha, nayo siidharau. Meneja wa masoko ndiye mwenye bajeti, na mkutano wake unaendeshwa kwa Kiingereza. Kweli tupu. Sijawahi kumwambia kijana yeyote aache Kiingereza, na nina sababu iliyoniuma.

Nilipata kuandika tangazo la mafuta ya kupikia. Picha ilionyesha sufuria, mvuke na dirisha lililo wazi. Maneno yalikuwa mawili: "Jirani kauliza." Mhudumu aliyekuwa akituwekea chai mezani aliyasoma akacheka, akaitoa birika pembeni asije akamwaga. Meneja aliyekuwa mgeni nchini akaomba tafsiri ya kurudi, ile karatasi inayomwelezea mteja kwa Kiingereza kile ulichoandika kwa Kiswahili. Akaisoma. "Jirani ameuliza nini?" Nikafungua mdomo, nikajikanyaga. Nilijua ni nzuri, ila sikuweza kusema kwa nini. Sikuweza kumweleza kwamba kwetu harufu hutembea nyumba hadi nyumba, kwamba jirani kuuliza unapika nini ni sifa na ni uchokozi kwa pamoja, kwamba ile "ka-" badala ya "ame-" ndiyo sauti ya umbea wa kibarazani. Tangazo likafa pale mezani. Lililopita badala yake liliwataka watu wahisi tofauti. Tofauti na nini, mpaka leo hakuna aliyesema.

Kosa lile lilikuwa langu. Kiingereza nilichokuwa nacho kilitosha kutafsiri, hakikutosha kutetea. Hapo ndipo mahali pake: kiwe wakili wa Kiswahili chumba cha mikutano. Kikageuka kuwa mzazi, mtoto atazaliwa mgeni nyumbani kwao. Maana bajeti ya yule meneja haikuchapishwa ofisini kwake. Imetoka kwenye droo ya duka la Mangi wa mtaani, shilingi mia tano mia tano, ikiletwa na watu walioagiza kitu kwa Kiswahili.

Tena ushauri huu umechelewa hata kwa vigezo vyake. Siku hizi mashine hutafsiri skripti nzima kabla chai haijapoa. Kijana anayejiandaa kuandika kwa Kiingereza cha kawaida na kukitafsiri baadaye anajiandaa kwa kazi ambayo mashine imeshaianza, tena hailipwi posho ya jioni. Ambacho haijaketi kukisikiliza ni kile anachosema mama yake akiuonja ugali.

Kwa hiyo yule binti nilimwambia nini? Nilimwambia afute 11, abaki na la dona. Nikamtuma sokoni kwa wiki mbili na daftari, aandike watu wanavyosifu, wanavyokataa, wanavyopatana bei, bila kurekebisha hata neno. Kisha atunge matangazo 6 ya redio ya sekunde 30 na kuyasoma kwa sauti, saa mkononi, mbele ya mtu asiyempenda. Atunge mabango ya kitenzi kimoja kimoja. Amwandikie kibao mama lishe wa mtaani kwao, halafu akae pale mchana aone kama kuna anayegeuza shingo. Na pembeni ya kila kazi aandike kwa Kiingereza kizuri, kwa sentensi tatu, kwa nini maneno hayo yanauza. Sikumdanganya kwamba kila mlango utafunguka. Usaili mwingi bado unafanywa kwa Kiingereza, na mabosi kadhaa wataona potifolio hiyo ni ya kishamba. Lakini matangazo kama yale 12 ya kwanza, kila bosi ameshayaona kwa kila aliyemtangulia. Za namna ya "Jirani kauliza" ndizo bado hajaziona.

Kwenu mnaoajiri nina ombi dogo zaidi. Brifu ikifika asubuhi, mwiteni yule wa pembeni asubuhi hiyo hiyo. Hamtaongeza hata senti.

Kuna mtu, hatujui wa mji gani wala karne gani, aliyesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Alikuwa anatukejeli sisi, watu wa matangazo, hata kabla hatujapata ofisi. Lakini sikiliza alivyotukejeli: maneno manne, vipande viwili vinavyopimana kama vitanga vya mizani, ile "-a-" isiyo na saa, na kitenzi cha mwisho kinachotembea chenyewe barabarani kikiwa na bidhaa mbovu kichwani. Amelitangaza wazo la kupinga matangazo, na limeuzika mpaka leo bila kulipiwa hewani. Mtu huyo ningemwajiri kabla hajaketi. Kwa ushauri tunaowapa vijana, angeambiwa arudi akanoe Kiingereza kwanza. Na akibahatika kupata pa kujishikiza, tungemwita saa kumi na moja.